Tawi Kwenye Unyayo wa Mwisho

Pamba ikiungua hutoa harufu isiyofanana na ya kitu kingine. Haina ukali wa nywele zilizobabuka, wala utamu wa kuni. Ni harufu kavu, kama vumbi lenye joto, ambayo hukaa juu ya ulimi kabla pua haijaitambua. Jumapili moja hapa Bariadi nilikuwa nikimpigia pasi mama yangu kanga yake ya kwendea kanisani. Aliniita kutoka sebuleni, nami nikageuka kumwitikia huku mkono ukisahau pasi pale ilipokuwa. Harufu ile ikapanda. Nilipotazama chini, ncha moja ya kanga ilikuwa imeshika rangi ya chai.

Ilikuwa ncha ileile iliyochakaa. Kanga zote za mama, mpya na kuukuu, zina ncha moja yenye nyuzi zilizolegea, kana kwamba mwanakondoo ameinyonya. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni mazoea ya meno tu, kama wengine wanavyotafuna njiti. Siku hiyo nilisimama na pasi mkononi, mtu mzima niliyesoma chuo na kulea watoto, na harufu ile ikanirudisha alasiri moja nilipokuwa sijatimiza miaka tisa. Naomba niwasimulie alasiri hiyo.

Nyumbani kwetu kulikuwa kijijini, upande wa Kasoli, mahali ambapo mwaka mzima uliishi kwa kuingoja pamba. Miezi ya kiangazi pamba ilitubana nyumbani mwetu wenyewe. Ilikaushwa juu ya vichanja uani, ikachambuliwa, safi huku na fifi, ile yenye madoa, kule, kisha ikarundikwa chumbani hadi dari, ikisubiri siku ya kununuliwa. Watoto tulilala juu yake. Sijawahi kupata godoro la kushinda lile, ingawa mbegu zilituchoma mbavuni na asubuhi tuliamka na nyuzi nyeupe kwenye nyusi, tukichekana kwamba tumezeeka usiku. Baba katika miezi hiyo hakuwepo. Alikuwa kibarua kwenye kinu cha pamba Maswa, na nyumba ilibaki mikononi mwa mama.

Miji yetu mitatu, yaani kaya zetu, ilifuatana. Wetu ulikuwa upande wa mawio. Katikati palikuwa pa Mzee Masanja, mwenye ng'ombe wengi na vichanja virefu kuliko vyote. Mwisho, karibu na mbuga, aliishi mjane tuliyemwita Ng'wana Limbu, yaani binti wa Limbu, maana kwetu mwanamke huenda na jina la baba yake hata akiolewa mbali. Hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na mashamba mawili madogo, ulimi mwepesi, na ugomvi wa siku nyingi na Mzee Masanja juu ya ng'ombe walioingia katika viazi vyake.

Siku hizo njiti za kiberiti zilitunzwa kama dawa. Jiko likizimika, ulikwenda kwa jirani kupalia moto: ulichukua kaa jekundu juu ya kigae, ukalifunika kwa majivu ili upepo usilichochee, ukarudi kwako mwendo wa mtu aliyebeba maziwa. Kumnyima mtu moto lilikuwa tusi kubwa kuliko kumnyima chakula. Asubuhi ile Ng'wana Limbu alikuja kupalia kwetu. Nakumbuka alivyonitania kwamba nina nywele nyeupe kumzidi, na nakumbuka mama akimwongezea majivu, kwa kuwa upepo ulikuwa umeanza. Kisha akaondoka na kigae chake, akapita pembezoni mwa ua wa Mzee Masanja, njia aliyopita siku zote.

Jua lilipofika utosini, pamba ya Mzee Masanja iliungua.

Nyasi hupiga kelele zikiwaka. Pamba huungua kwa ndani, kimya. Tuliona kwanza moshi mwembamba ukitoka katikati ya rundo jeupe, halafu doa jeusi likitambaa bila ndimi za moto, bila haraka. Watu walimwaga maji, doa likatulia, kisha likaibukia mahali pengine. Wanaume waliufukua mlima ule kwa majembe, na kila walipofukua, hewa iliingia na wekundu ukafumbua macho. Kufikia jioni mavuno ya nyumba nzima yalikuwa majivu ya kijivu yenye umbo la pamba, ukiyagusa, yanaanguka. Mke wa Mzee Masanja alikaa chini bila kulia, na kule kutolia kuliniogopesha kuliko moto.

Kesho yake alasiri, filimbi ya sungusungu ikalia.

Wasiokulia kwetu huenda hawajui mlio huo ulimfanya nini mtoto. Sungusungu walikuwa ulinzi wetu. Wao ndio waliofuata ng'ombe walioibwa hadi wakawarudisha, na tulilala kwa sababu yao. Lakini filimbi ikilia, kila mtu mzima alipaswa kufika, na asiyefika alikuwa amejitaja. Walikuja na pinde na mikuki, baba za rafiki zangu, wajomba zangu, watu walionipa miwa. Ila nyuso zao siku hizo hazikunijua. Aliyepatikana na hatia alitengwa. Kutengwa hakukuacha alama mwilini. Hupewi moto, huchotewi maji, husalimiwi, na ukifa, hakuna jembe litakalochimba kwa ajili yako. Tena anayempalia moto aliyetengwa, naye ametengwa.

Mama alioga, akajifunga kanga mbili, akanishika mkono. Sikupaswa kwenda. Nadhani hakutaka kuniacha peke yangu karibu na harufu ile.

Mkutano ulikuwa mbele ya zizi la Mzee Masanja, majivu yakiwa katikati kama mgonjwa. Wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande wa pili. Aliyesimama mbele alikuwa mtemi wa sungusungu, ndivyo tulivyomwita kiongozi wao, jina lake Lugata: mrefu, mkavu, mpole wa sauti. Sifa yake ilikuwa kufuata nyayo. Walisema angeweza kukuambia ng'ombe alichechemea mguu gani kwa kutazama udongo. Alitusalimu kwa utaratibu, mwadila kwa wazee, mwadila kwa akina mayu, yaani akina mama, kisha akamwita Ng'wana Limbu asimame kando ya majivu.

Sitayarudia yote yaliyosemwa, maana yalikuwa mengi na yalifanana. Alikuwa na ugomvi na Mzee Masanja. Alipita na moto. Alipopita aliangalia pembeni, mmoja aliona. Hakuangalia pembeni, mwingine aliona, na huko kutoangalia ndiko kulikomshangaza. Mzee mmoja alisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na watu wakatikisa vichwa kana kwamba ameleta shahidi. Ng'wana Limbu alijibu kila neno, haraka mno, na kila alichojibu kikageuka kuni. Alipokasirika walisema, mnaona? Aliponyamaza walisema, mnaona?

Ndipo mama akaitwa, kwa kuwa moto ulitoka kwetu.

Nilihisi mkono wake ukiondoka katika wangu. Mtemi alimuuliza kama ni kweli mwanamke yule alipalia moto kwake. Mama akasema ni kweli. Akaulizwa saa ngapi, akasema asubuhi, kabla ya umande kukauka, na kwamba kaa lilifunikwa majivu kwa mkono wake mwenyewe. Mtu akasema kaa hujua kujificha. Mwingine akasema hata mke wake hujua kujificha kukiwa na kazi, wakacheka kidogo, kicheko kifupi kisichofika machoni.

Mtemi hakucheka. Alisema kwa upole uleule, "Mama Kabula, moto haujiwashi. Kama si Ng'wana Limbu, wewe tuambie ni nani."

Wasomaji wangu, nimekaa katika mikutano mingi tangu siku hiyo, na nimesikia swali hilo likivaa mavazi ya kila aina.   Siku ile kila mtu alimtazama mama, na mimi nikaona jambo ambalo mtoto huliona kabla ya kulielewa: kwamba macho yalikuwa yameanza kuhama. Yalitoka kwa mjane, yakaja kwetu. Nyumba yetu ndiyo iliyotoa moto. Baba hakuwepo. Tulikuwa karibu na vichanja kuliko Ng'wana Limbu mwenyewe.

"Sijui," mama akasema.

"Hujui aliyefanya, ila unajua si yeye?" Sauti ilitoka upande wa wanaume, na watu wakaguna kwa kuridhika, maana ilikuwa na makali.

"Sijasema si yeye. Nimesema sijui."

"Basi nenda ukakae, Mama Kabula," mtemi akasema. "Ukae ufikiri. Kivuli cha zizi kikifika kwenye majivu, nitakuuliza tena. Na anayemficha mtu, amebeba naye kigae kimoja."

Mama akarudi kukaa. Kivuli cha nguzo za zizi kilikuwa umbali wa jamvi moja kutoka kwenye majivu. Nimewahi kungoja matokeo ya mtihani, nimengoja nje ya chumba cha upasuaji. Sijawahi kuangalia kitu kama nilivyoangalia kivuli kile kikinywa vumbi polepole. Nilijua kutengwa ni nini. Nilijiona nikienda kisimani na ndoo, wasichana wakigeuka. Nilimwona baba akirudi kutoka Maswa na hakuna anayemwambia mwadila.

Shangazi yangu, dada wa baba, ambaye kwetu huitwa sengi, alikuwa amekaa nyuma yetu. Aliinama kana kwamba anafunga mkanda wa ndara, akamnong'oneza mama jina moja. Jilala.

Jilala alikuwa mchungaji wa kuajiriwa katika mji wa mbali kidogo, mtu mzima aliyetokea huko kupita Maswa, asiyekuwa na ukoo kijijini. Alikuwa na kigugumizi, alilala nje na ng'ombe, na alivuta kiko kirefu ambacho sisi watoto tulikiogopa bila sababu. Wakati ule alikuwa amesimama pembeni kabisa ya mkutano, ameegemea fimbo, mguu mmoja juu ya goti la mwingine. "Anavuta kiko," sengi akanong'ona. "Kila mtu atakubali. Sema tu ulimwona akipita. Una watoto, wifi."

Nilisikia, na nilielewa mara moja jinsi jibu lile lilivyokuwa jepesi. Lilikuwa kama mlango uliofunguliwa katika nyumba yenye moshi. Lingemwokoa Ng'wana Limbu, lingetuokoa sisi, na mtu yule hakuwa wa mtu yeyote. Nilivuta kanga ya mama. Nilitaka aseme. Mama hakunitazama. Aliangalia mbele, ncha ya kanga ikiwa mdomoni, akiitafuna taratibu kama mtu anayetafakari bei sokoni. Mara moja tu alimtazama Jilala, kisha akarudisha macho kwenye majivu.

Kivuli kikafika.

Alisimama kabla hajaitwa. Ncha ya kanga ilikuwa imelowa na kunata shingoni. Sauti yake haikuwa kubwa. Walio nyuma walilazimika kuinama.

"Mtemi, wewe ni mtu wa nyayo. Ukifuata ng'ombe, nyayo zikaishia kwenye mwamba, hufanya nini?"

Lugata hakulitegemea swali hilo. Alifikiri, na kwa kuwa lilikuwa swali la kazi yake, alilijibu kwa ukweli, kama fundi anavyojibu. Alisema huvunja tawi, huliweka pale penye unyayo wa mwisho, kisha huzunguka mwamba mzima mpaka nyayo zionekane upande wa pili.

"Na zisipoonekana?"

"Tawi linabaki. Tunarudi siku nyingine."

"Huingii mji ulio karibu na mwamba, ukasema kama si hawa, ni nani?"

Watu wakasogea.  Mtemi akasema kwamba mwenye kufanya hivyo si mfuata nyayo, ni mwizi wa pili.

"Basi mimi nimefika kwenye mwamba," mama akasema. "Nyayo ninazozijua ni hizi: alipalia asubuhi, nikafunika majivu, pamba ikaungua adhuhuri. Zaidi ya hapo sijui. Ninyi nanyi hamjui. Kutojua kwetu sote hakuwezi kuwa unyayo wa mtu mmoja."

Nilitarajia kishindo. Hakikuja.  Mzee Masanja, ambaye alikuwa amepoteza kila kitu na hakuwa amesema neno tangu mwanzo, aliuliza kwa sauti iliyochoka kama angepaswa basi kulala na adui asiyemjua. Mama alimjibu kwamba ndiyo, kaka, na sisi sote tutalala naye.

Lugata alikwenda kwenye ua wa minyaa, akavunja tawi, utomvu mweupe ukimdondokea mkononi. Alilichomeka katikati ya majivu. Hakutamka kwamba Ng'wana Limbu hana hatia, wala hakusema shauri limekwisha. Alisema tu kwamba atazunguka mwamba, na watu warudi majumbani.

Laiti ningeweza kuwaambia kwamba hofu iliishia hapo. Kwa kweli ndipo ilipoanza. Katika mkutano nilikuwa nimewaogopa watu ninaowajua. Baada ya mkutano nilimwogopa mtu ambaye angeweza kuwa yeyote. Tulilala juu ya pamba yetu huku mama akiamka kunusa hewa. Kila aliyepita na kigae nilimfuata kwa macho. Wanawake wawili waliacha kupalia moto kwetu kwa majira mazima, na sengi hakumsemesha mama hadi mvua. Tawi la mnyaa lilikataa hata kufa vizuri. Lilibaki limesimama mahali pale, kijani, likitukumbusha kila asubuhi kwamba hatujui. Nilimchukia mama kidogo kwa hilo. Angetaja jina, tungelala.

Aliyechoma pamba ile, kama alikuwepo mtu, hakujulikana kamwe. Baba aliporudi alisema pengine ilirundikwa na unyevu, maana kinuni alishawahi kuona pamba ikipata joto lenyewe. Wengine walisema cheche ya jikoni kwa mwenyewe. Wengine waliendelea kusema walichokuwa wakisema. Ng'wana Limbu aliishi palepale karibu na mbuga na ulimi wake. Alipofariki nilikuwa sekondari, nikarudi kwa mazishi, nikakuta majembe mengi kuliko kaburi moja linavyohitaji. Miongoni mwa waliochimba alikuwa Jilala. Alikuwa ameoa kijijini, ana watoto. Hakujua alivyowahi kuwa karibu na ukingo wa shimo jingine.

Chuoni mwalimu wetu wa mantiki alitufundisha kosa hilo: kugeuza kutojua kuwa ushahidi, na kumtwika anayetilia shaka mzigo wa kuleta jibu badala ya anayeshtaki mzigo wa kuthibitisha. Wenzangu waliandika. Mimi niliona kivuli cha zizi. Sasa nasimamia midahalo ya wanafunzi, na kila muhula kijana mwenye kipaji husimama, akamnyooshea mwenzake kidole na kuuliza, kama siyo simu zinazotufelisha, basi ni nini? Ukumbi hushangilia. Mpinzani huhangaika kutafuta kitu, chochote, cha kutupa mbele ya swali lile. Nawafundisha kulitambua: likikutaka utaje kingine ili kilichotajwa kiachwe, si swali, ni mtego. Jibu lake ni kuuliza ushahidi uko wapi, na kama wewe huna, kusema huna. Wanafunzi hulipokea kwa mashaka. Kwao, "sijui" ni neno la kushindwa.

Jumapili ile ya pasi, nilimpelekea mama kanga yake iliyoungua na kumwomba radhi. Aliinusa, akacheka, akasema afadhali imepata sababu ya kuchakaa. Nikamuuliza, baada ya miaka yote hii, kama siku ile kwa Mzee Masanja hakuogopa. Nilikuwa nimeishi nikiamini kwamba alikuwa jasiri, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikitetemeka kwa niaba ya nyumba nzima.

Mama aliizungusha ncha ile kati ya vidole vyake.

"Jina la Jilala lilikuwa limeshafika hapa," akasema, akigusa meno yake ya mbele, yale machache yaliyobaki. "Ningefumbua mdomo mapema, lingetoka. Nikaweka nguo."